Mwanamke Uliyenisimulia Tukipukuchua Mahindi

Mama Emiliana,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza mazungumzo na wewe pasipo kukuamkia, na siwezi kuanza leo.

Binti yako ameishi miaka minane akiamini kwamba ulikufa kwa sababu ya kunyamaza. Amekuwa akiwaambia watu hivyo: kwamba mama yake alizunguka na watu wa utafiti wa magonjwa ya wanawake karibu mwaka mzima, akala nao, akapanda gari lao, na hakufungua kinywa kusema kwamba yeye mwenyewe anaumwa. Si kweli. Ulisema. Uliniambia mimi. Nilijua kwamba uliniambia, na nilimwacha aendelee kuamini vile. Barua hii ni kwa ajili ya jambo hilo. Mengine nitakayoandika nitayaandika kwa sababu nimekukumbuka.

Ungetaka kwanza habari za huku. Lami imefika Katesh. Mtu anatoka Babati na chai kwenye chupa na anafika haijapoa. Simu zimeingia hadi Dirma, na vijana wa kifugaji wanazitundika shingoni pamoja na shanga. Ng'ombe wako wawili wa maziwa Emiliana aliwauza, akabaki na yule mweupe mwenye pembe moja, na yule naye amezeeka. Na hapa Katesh mjini kuna chumba ambamo wanawake hupimwa mlango wa kizazi kwa siki. Siki ya kawaida, Mama, ile ya kachumbari. Muuguzi anapaka, anasubiri dakika chache, kisha anatazama kama pana weupe, ndiyo dalili. Ungecheka sana. Ungesema, hawa wametusomesha miaka yote hii kumbe dawa iko jikoni.

Mwaka ule tulipoanza, chumba hicho hakikuwepo. Ulikuwa mwaka ambao mkoa wetu ulikatwa kutoka Arusha, na mihuri ya ofisi nyingi ilikuwa bado inasema Arusha. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nimekuja na masanduku mawili ya madodoso na uhakika mwingi kuliko umri wangu. Tulitaka kujua ni wanawake wangapi wa vijijini wanaishi na maumivu ya nyonga na kutokwa damu isivyo kawaida bila kufika hospitali. Kiiraqw nilikuwa nacho, mimi ni mtoto wa Mbulu. Lakini kaya nyingi tulizochagua zilikuwa za wafugaji, na Kibarabaig sikujua hata kusalimu. Mtendaji wa kijiji akasema yuko mama mmoja Gendabi, mkulima, amekulia ua mmoja na wafugaji, anabadilisha lugha tatu kama anavyobadilisha kanga. Akaja na wewe. Ulinitazama tangu viatu hadi miwani, ukauliza, "Huyu ndiye daktari?" Nikajibu kwamba mimi si daktari wa kutibu, mimi ni wa utafiti. Ukasema, "Aa. Daktari wa karatasi." Jina hilo lilinikaa hadi siku ya mwisho.

Siku yetu ya kwanza Dirma naikumbuka zaidi ya nyingine zote. Tulikaa na bibi mmoja mwenye mabangili ya shaba hadi kwenye viwiko, nikaanza na swali la kwanza la dodoso, lile la mimba ngapi na watoto wangapi. Alizungumza kwa muda mrefu, mikono ikipanda na kushuka, wanawake wote waliokuwa pale wakacheka hadi wakajishika mbavu. Nikasubiri tafsiri. Ukasema, kwa uso mkavu kabisa, "Anasema anafurahi kukuona." Nikaandika. Tulipokuwa njiani ndipo ukaniambia maneno yenyewe: "Amesema, huyu msichana anapekua tumbo langu, na yeye mwenyewe hajazaa hata mbuzi." Nilikasirika kidogo. Ukaniambia, "Ulitaka nikutafsirie pale pale? Ungelia, na dodoso lako lingelowa."

Ni wewe uliyenifundisha kazi, ingawa kwenye shukrani za tasnifu yangu nilikuandika mkalimani. Ulinikataza kukaa uso kwa uso na mama ninayemuuliza. Ulitukalisha sote tukitazama upande mmoja, zizi au mlima, wewe nyuma kidogo ya bega lake. "Usimtazame," ulisema, "mtazame ng'ombe." Ulinikataza kuuliza maswali ya mwilini mikono ya mama ikiwa mitupu. Tulisubiri ashike kibuyu cha kuosha, au shanga, au mchele wa kuchagua, ndipo ulipoliingiza swali katikati ya kazi. Na ulinieleza kwamba mwanamke wa rika lako hawezi kumwambia msichana anayemwamkia shikamoo kwamba anaumwa huko chini. Haiwezekani, ni kama kuvua nguo mbele ya mtoto. Atasema ni habari za jirani. Atasema ni za wifi yake wa Masakta. "Wewe sikiliza tu," uliniambia. "Usimuulize huyo wifi anaitwa nani."

Hilo nililiandika kwenye daftari. Nililipigia mstari. Baadaye nililiwekea aya nzima katika sura ya tatu ya tasnifu, na msimamizi wangu alilisifu.

Sasa nifike pale nilipokuwa nachelewa kufika.

Ilikuwa baada ya mavuno. Gari letu lilikuwa limekwenda Mbulu, hatukuwa na kaya za kutembelea, nikaja kwako kukusaidia kupukuchua mahindi. Tulikaa kwenye magunia nje ya ghala, tukiutazama mlima, wewe nyuma kidogo ya bega langu. Ulikuwa unanipa hindi moja moja. Tuliongea habari za Emiliana, aliyekuwa amepata mchumba Singida na wewe humtaki. Kisha ukasema, kwa sauti ile ile ya habari za mchumba:

"Kuna mwanamke mmoja, hapa hapa Gendabi. Damu yake ilishakoma, ni miaka minne. Sasa imerudi. Si nyingi. Kama maji ya kuoshea nyama."

Niliuliza ana umri gani.

"Amepita hamsini. Kidogo tu."

Nikauliza kama ana maumivu. Ukasema hana, ila vitambaa vyake anavifua peke yake, anavianika ndani kwenye kamba nyuma ya magunia, mahali ambapo mtu hapiti, kwa sababu ya harufu. Amenunua vidonge katika duka la dawa Katesh, lile jipya la mtu binafsi, vile vya rangi mbili, na havikusaidia.

Nami nikasema, "Basi huyo hayumo, Mama."

"Hayumo?"

"Hayumo. Sisi tunaishia miaka arobaini na tisa. Mwambie aende hospitali."

Ukasema, "Nitamwambia." Ukanipa hindi lingine.

Jioni ile niliandika kwenye daftari langu: taarifa kutoka kwa mtu wa pili, umri nje ya vigezo, haitumiki. Ninalo bado daftari hilo. Mwandiko ni mzuri sana. Nakumbuka hata nilijisikia vizuri kwamba sikulegeza vigezo kwa sababu ya urafiki.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafikiri nini. Kwamba damu inayorudi baada ya kukoma ni dalili ya hatari, nililijua. Niliwahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote. Lakini siku ile sikulisikia kama dalili. Nililisikia kama swali la nani anaingia na nani haingii. Na huo ukomo wa arobaini na tisa, ukiniuliza ulitoka wapi, sina jibu la heshima. Niliuchukua kwa waliotangulia kufanya utafiti, nao walikuwa wameuchukua kwa waliowatangulia. Ni umri wa kuzaa, walisema. Kana kwamba mwanamke akimaliza kuzaa, tumbo lake linarudishwa kwa mwenyewe na halituhusu tena. Hakuna aliyeketi mahali akasema, tuwaache nje wanawake kama Mama Emiliana. Hakuna aliyekuwa na nia hiyo. Na nilipouandika mimi ukomo huo, sikuwa nayo pia.

Kuna gari vilevile. Kila Alhamisi gari la utafiti lilipeleka hospitali wanawake ambao dodoso lilionyesha wana dalili mbaya. Ulikwenda nao, kwa sababu wengi hawakujua Kiswahili cha kumweleza daktari. Baada ya siku ile ya mahindi ulikwenda Alhamisi tatu nyingine. Ulimshika mkono yule binti wa Dirma aliyekuwa anatetemeka, ukamwingiza hadi kwenye mlango wa chumba cha uchunguzi, ukatafsiri, ukatoka, ukakaa kwenye benchi la nje. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi hilo hilo, nikipanga karatasi. Ulikuwa unatazama ule mlango. Nikadhani umechoka.

Ulipofariki, miaka miwili baadaye, nilikuwa nimeajiriwa chuoni. Habari zilinifikia zikiwa zimechelewa, na nilipofika Gendabi ilikuwa siku ya tatu ya matanga. Emiliana alinichukua pembeni, karibu na ghala. Akaniambia walipokuwa wakisafisha chumba chako walikuta kamba ya katani imefungwa nyuma ya magunia, ina vitambaa, vingine vimekauka kama ngozi. Akasema katekista amemuuliza, majirani wamemuuliza, wajomba zake wamemuuliza: wewe binti mkubwa, hukujua? Akasema huko Dar es Salaam walikokupeleka mwishoni, kwenye hospitali ya saratani, walimwambia wamechelewa sana. Kisha akanitazama na kuuliza:

"Dada Theodora, wewe ulikuwa naye kila siku. Hakukuambia?"

Nilikuwa nimeshaelewa. Nilielewa pale alipotamka neno kamba. Na nikamjibu, "Hapana. Hakuniambia."

Akalia kwa hasira, Mama. Si kwa huzuni, kwa hasira. Akasema, "Basi amejiua mwenyewe."

Ningeweza kulirekebisha neno langu hapo hapo. Nilikuwa na muda wa kutosha. Alilia kwa muda mrefu na mimi nilisimama pale nimemshika bega. Sikulirekebisha.

Tangu siku ile nimejijengea hoja nyingi, na kwa kuwa nimesomeshwa kujenga hoja, zilijengeka vizuri. Kwanza nilisema jibu langu lilikuwa kweli kwa maana halisi: hukuniambia kwamba unaumwa wewe. Kisha nikasema labda alikuwepo kweli mwanamke mwingine, na kwamba kamba si ushahidi, kila nyumba ina kamba. Kisha nikasema hata kama ningekupakia kwenye gari Alhamisi ile, huenda hospitali isingegundua kitu, na hata wangegundua, huenda usingepona. Hii ya mwisho bado siwezi kuitupa. Sijui kama ungepona. Nimesoma yote niliyoweza kusoma juu ya ugonjwa huo na bado sijui, na nikidai kwamba najua, kwa upande wowote, nitakuwa nakudanganya. Lakini nimetambua kitu kimoja kuhusu hoja hizo zote: nilizihitaji mimi tu. Emiliana hazikumsaidia. Yeye hakuuliza kama ungepona. Aliuliza kama ulisema.

Nimerudi Hanang mwezi huu kwa ajili ya utafiti mwingine, wa hicho chumba cha siki, wa kwa nini wanawake wengine hawaendi. Nimekaa Katesh wiki mbili nikikwepa njia ya Gendabi. Jana nilikwenda.

Emiliana alikuwa anapika. Hakuolewa Singida, ungefurahi. Ameolewa na mwalimu, ana watoto watatu, na yule wa mwisho ana paji lako la uso na ubishi wako. Alinikaribisha vizuri, akanitilia chai, akaniuliza habari za mjini. Nikamwomba akae. Sikutazama mlima, wala sikumpa kitu cha kushika. Niliona kwamba safari hii sistahili kusaidiwa. Nikamwambia: mama yako alisema.

Alisema, "Alisema nini?"

Nikamweleza. Magunia, mahindi, mwanamke mmoja wa Gendabi.

Akasema, "Maneno yenyewe. Sitaki maelezo. Nipe maneno yake."

Nikampa. Damu ilishakoma, ni miaka minne. Sasa imerudi. Si nyingi. Kama maji ya kuoshea nyama. Nilipofika kwenye neno langu, hayumo, nilitaka kulipita haraka, akanizuia kwa mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Aliniuliza ulijibu nini. Nikamwambia ulisema, nitamwambia.

Ugali ukaanza kunuka, akauepua. Kisha akasema, polepole sana, "Miaka minane nimemnunia marehemu. Kaburini naenda, nafyeka majani, na bado nimemnunia."

Hakunisamehe, nisije nikakudanganya kwamba alinisamehe. Aliinuka, akatoka uani, akapaza sauti kumwita dada yako mdogo, Mama Yustina, anayekaa nyumba ya pili. "Mama mdogo! Acha hizo nguo, njoo usikie! Mama alisema! Huyu hapa aliambiwa!" Akatuma mtoto amwite mjomba. Wakaja, wakakaa, na Emiliana akaniambia, "Haya. Anza tena." Nikaanza tena. Alipokuja mumewe kutoka shuleni nikaanza mara ya tatu. Mama Yustina alinisikiliza akiwa ameshika kanga mdomoni, na nilipomaliza akasema kwa Kiiraqw kwamba wewe tangu utoto ulikuwa hivyo, ukiumwa jino unasema jino la mwenzio. Wakacheka, Mama. Walilia na kucheka kwa pamoja, wakaanza kukuzungumzia, vituko vyako, ukali wako, namna ulivyomfukuza yule mchumba wa Singida kwa mwiko. Mjomba alisema hajasikia jina lako likitajwa kwa kicheko katika nyumba ile tangu mazishi. Nilikaa nao. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyenijazia tena kikombe.

Nilipoaga, Emiliana alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika aliniuliza jambo moja: hicho chumba cha Katesh kinapima hadi umri gani. Nikamwambia chumba hakina ukomo, ukomo uko kwenye utafiti wangu. Akasema, "Bado?" Nikasema bado. Akageuka, akarudi nyumbani.

Asubuhi ya leo nimeandika kwa kamati kuomba ukomo huo uondolewe, na kwamba wakalimani na wasaidizi wetu wapimwe kama wanawake wengine kabla hatujaingia kaya ya kwanza. Sijui kama watakubali. Wataniuliza ushahidi, nami nitakuwa na mtu mmoja tu, na mtu mmoja katika kazi yetu hahesabiwi. Kwa hiyo hilo siwezi kukuahidi, kwa sababu si langu peke yangu.

Ninaloweza kukuahidi ni dogo, na limo ndani ya uwezo wangu. Najua sasa ni nini nilipaswa kukujibu siku ile. Nimelitafuta jibu hilo miaka minane, na kumbe halikuhitaji ujasiri wala elimu, na wala lisingekuvunjia heshima. Mama yeyote atakayeniambia habari za jirani, au za wifi, au za mwanamke mmoja wa kijiji cha pili, sitamuuliza jina wala umri. Nitamwambia: mlete huyo mama Alhamisi, na kama ataona haya kuja, njoo wewe, upimwe badala yake.

Lala, Mama Emiliana. Binti yako hakununii tena.

Mwanafunzi wako,
Theodora